Mikono Miwili ya Kushoto

Jua la Uvira hutoka upande wa Burundi, ng'ambo ya ziwa. Kabla halijatoka, Mapendo alikuwa amekwisha kusali, kufagia kiwanja na kuteka maji. Halafu alifungua cherehani yake chini ya mabati, mbele ya nyumba, kule Kavimvira.

Watu walimletea suruali ndefu mno na mashati yasiyo na vifungo. Walimletea nguo za shule zilizopasuka. Alizitengeneza vizuri, na watu walishukuru. Lakini hakuna aliyemletea kitambaa kizima. Kitambaa kizima hupelekwa kwa fundi anayejua kukata, na Mapendo hakujua kukata.

Jambo hili lilikuwa na sababu yake. Miaka mitatu Mapendo alikuwa mwanafunzi katika atelie ya kushona ya Fundi Octave, karibu na soko la Mulongwe. Kila mara Octave aliposhika makasi, alitafuta neno la kusema.

"Mapendo, nenda uninunulie uzi mweusi."

Mapendo alikwenda. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimekatwa tayari.

"Mapendo, makaa ya pasi yanazimika."

Aligeuka kupuliza makaa. Alipogeuka tena, kitambaa kilikuwa kimekatwa.

Mafundi wengi walifanya vile vile. Walifundisha kushona, wakaficha kukata. Waliogopa kwamba mwanafunzi akijua kukata, kesho atafungua atelie yake ng'ambo ya barabara. Mapendo alitoka kwa Octave na vidole vinavyojua kushona, na moyoni aliamini neno moja: fundi hatoi siri yake.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na alikuwa mwanafunzi tena. Safari hii mwalimu alikuwa ndani ya telefone. Jina lake Claire. Alifundisha kukata nguo kwa njia ya WhatsApp, na wanawake thelathini na wawili walikuwa katika grupu yake. Kila Jumanne na kila Ijumaa alituma video moja ndefu. Ilidumu karibu saa nzima, na ilikula mega nyingi za intaneti.

Siku ya video Mapendo aliegemeza telefone kwenye cherehani. Alitazama huku akishona vifungo. Alitazama huku akichambua mboga za lenga-lenga za mchana. Kichwa chake kiliitikia, ndiyo, ndiyo. Mwishoni sauti ya Claire iliuliza, "Mumeelewa, wamama?"

Hapo grupu ilijaa maneno.

"Amina."

"Amina, mwalimu. Mungu akubariki."

"Tumeelewa. Amina."

Mapendo naye aliandika "Amina," kama mtu anavyoitikia mahubiri. Mhubiri haachwi bila kuitikiwa. Ingekuwa kukosa adabu.

Mume wake, Protais, alipakia na kupakua mizigo ya malori. Alikuwa mtu mwenye mashaka. Hata chumvi aliionja kabla ya kuinunua. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Furaha, na wao wenyewe waliitana kwa jina la mtoto.

"Mama Furaha," alisema siku moja, "huyu mwalimu wako, ulishamuona uso?"

"Naona mikono yake. Kamera inaonyesha meza tu."

"Muntu hana uso, iko na mikono tu! Weye hauogope?"

"Baba Furaha, anafundisha kukata. Uso wake utanisaidia nini?"

"Muntu anayeficha uso anaficha na kitu kingine. Minye nakuambia tu."

Mapendo alicheka. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa na swali lake. Kwa nini fundi atoe siri yake kwa watu thelathini na wawili asiowajua?

Wiki tano kabla ya Pentekoste, Anne-Marie alifika kwa Mapendo. Anne-Marie alikuwa mkubwa wa kwaya ya wamama kanisani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini inayotetemesha viti. Alibeba mzigo wa sateni nyeupe, inayong'aa upande mmoja. Dada mmoja wa kwaya aliuleta kutoka Bujumbura.

"Hiki ni kitambaa cha kanzu tisa," alisema Anne-Marie. "Mapendo, ulisema kwamba unajifunza kukata. Mu kwaya tulisali, tukasema, tumpe mwenzetu. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Umeelewa yote?"

"Yote nimeelewa. Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema, lakini sateni hii haiko tena sokoni. Ukiharibu, tutaimba na matambara."

Alipoondoka, Mapendo alikaa na mzigo juu ya magoti. Alijua nini kilikuwa mbele yake. Akikata kanzu vizuri, Kavimvira yote itaona, na watu watamletea vitambaa vyao. Akiharibu, atabaki na vifungo mpaka uzeeni, na kwaya haitamwamini tena.

Somo la wiki ile lilikuwa mkono wa nguo. Mapendo aliitazama video mara nne. Kisha alitandika sateni juu ya mkeka, akaomba, akashika makasi.

Mkono wa nguo una mbele na nyuma. Upande wa mbele huchimbwa ndani zaidi kidogo, ili nguo isivute kifuani. Mapendo aliweka karatasi ya kipimo juu ya kitambaa, akachora kwa chaki, akakata mkono wa kwanza. Alichukua karatasi ile ile, akaiweka vile vile, akakata mkono wa pili. Makasi yalipita kama kwenye maji. Moyo wake uliimba.

Halafu aliweka mikono yote miwili pamoja, upande unaong'aa ukiwa juu. Wimbo ukakoma.

Mikono yote miwili ilielekea upande mmoja, kama watu wawili wanaotazama mlango mmoja. Aliugeuza mmoja. Sasa ulielekea vizuri, lakini mng'ao ulikwenda chini na upande mbaya ukatoka juu. Aliugeuza tena. Alisali. Aliugeuza mara ya tatu.

Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

"Amenificha," alisema kwa sauti. "Mwanamke huyu amenificha. Kuna kitu hakutuonyesha."

Kazi ya nyumbani ilikuwa kutuma foto ya mkono uliokatwa, kabla ya Ijumaa. Mapendo hakuweza kutuma aibu ile. Alifunga mikono miwili ya kushoto ndani ya kitenge, akachukua telefone, akaenda kwa Octave.

Octave alimwona kutoka mbali.

"Karibu, Mama Telefone! Mwalimu wako ameshindwa kutoka mu kioo akusaidie?"

"Fundi, usinicheke. Naomba nipige foto ya mkono mmoja wa nguo uliokata weye."

"Piga, mama. Foto haikate kitu." Octave aliuweka mkono wa nguo juu ya meza yake ya kijani, akaulaza vizuri. "Lakini usiguse. Weye ni wa tatu wiki hii. Nitaanza kuweka foleni."

Mapendo hakuuliza wale wawili wa kwanza walikuwa nani. Alipiga foto, akaituma, akaandika, "Kazi yangu, mwalimu. Amina."

Jumamosi asubuhi sauti ya Claire iliingia katika grupu. Haikuwa na hasira. Ilikuwa tulivu, na utulivu ule uliogopesha zaidi.

"Bonjour, wamama. Nimepokea mikono yenu, aksanti. Nimetazama yote, mmoja mmoja. Mikono mitatu imelala juu ya meza moja. Meza hiyo ni ya kijani, na pembeni iko na alama ya pasi. Lakini wenye mikono hiyo wanakaa mitaa mitatu mbalimbali. Naomba munisaidie kuelewa. Meza hii inatembea?"

Siku ile hakuna aliyeandika Amina.

Mapendo alihisi masikio yake yakiwaka. Protais alisikiliza ile sauti mara mbili.

"Umeona?" alisema. "Mwalimu gani anatazama meza za watu? Huyu anapeleleza."

"Labda."

"Alisema anakaa wapi?"

"Lubarika."

"Lubarika ya hapa bondeni? Ya muchele?" Protais alisimama. "Jumanne lori letu linaenda kupakia muchele kule kule. Nitamtafuta. Kama hayuko, utatoka mu ile grupu siku iyo iyo."

Jumanne mchana Protais alirudi na vumbi la bonde la Ruzizi mpaka kwenye kope. Mapendo hakumpa hata nafasi ya kunawa.

"Yuko?"

"Yuko."

"Iko na uso?"

"Iko na uso. Wa kawaida tu. Anafanana na shangazi yako wa Katogota."

"Na kwa nini anauficha?"

Protais alikuna shingo. Alionekana kama mtu aliyetafuta nyoka akakuta kamba. "Haufiche. Alifunga telefone na kamba kwenye mti wa dari. Telefone inatazama chini, kwenye meza. Kile kinachotazama chini kinaona mikono tu. Na meza yenyewe ni mlango wa zamani juu ya matofali."

"Ulimuuliza kwa nini anatoa siri yake?"

"Nilimuuliza. Nilisema, mama, hauogope watu watakunyanganya kazi? Alicheka. Alisema, 'Muntu wa Uvira atapanda lori mpaka Lubarika kuninyanganya suruali za wakulima?' Alisema na yeye alifichwa alipokuwa anajifunza. Hataki wengine wapite mule."

Sasa Mapendo alimsogezea maji ya kunawa. "Hakuuliza kitu?"

"Aliuliza. Aliuliza kama weye bibi yangu unakata mwenyewe."

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo, mwenyewe! Halafu akaniuliza meza yetu iko rangi gani."

"Na weye ukasema nini, Baba Furaha?"

"Nikasema hatuna meza."

Mapendo alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Minye ningejua aje!" Protais alilalamika. "Swali lilikuwa la kawaida! Lakini sikiliza, hakukasirika. Alisema hivi: 'Mwambie anitumie mkono mubaya kuliko yote aliyokata. Huo ndio, huo njo nautafuta.'"

"Mubaya? Anataka mubaya?" Mapendo alipandisha sauti. "Atauonyesha grupu nzima! Watu thelathini na wawili watanicheka kutoka hapa mpaka Fizi!"

"Samahani, jirani," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa ua. "Ua wa matete hauzuii maneno."

Ilikuwa sauti ya Arakaza. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa telefone, masomo ya walimu, mwaka mzima. Mapendo alimfungulia. Kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka ua, alileta na kitenge, akaonyesha mikono miwili ya kushoto.

Arakaza hakucheka. Aliigeuza polepole.

"Dada Mapendo, nikuulize. Mtoto akiniletea hesabu aliyoiiba kwa mwenzake, na hesabu ni sawa, mimi nitajua nini?"

"Utajua kwamba amejua."

"Hapana. Nitajua kwamba mwenzake amejua. Lakini akiniletea hesabu yake mwenyewe, hata kama ni mbaya, naona mahali alipopotea. Hapo naweza kumsaidia. Ulimtumia mwalimu wako ufundi wa Octave. Sasa anajua nini juu yako?"

"Hajui kitu," alisema Mapendo taratibu. "Lakini na yeye alinificha. Nilitazama video mara nne!"

"Vizuri. Basi usiifungue bado. Niambie kwa kichwa. Kwanza mwalimu anafanya nini?"

"Anapima."

"Halafu?"

"Anaweka karatasi juu ya kitambaa. Halafu anakata."

"Anapoweka karatasi, kitambaa kimelala namna gani?"

Mapendo alitafuta kichwani. Aliona mikono ya Claire, aliona chaki, aliona makasi. Kitambaa hakukiona.

"Sasa fungua," alisema Arakaza.

Walifungua. Walitafuta. Katika dakika ya thelathini na moja mikono ya Claire ilichukua kitambaa na kukikunja, mng'ao ndani. Ilikipigapiga juu ya ule mlango wa zamani. Sauti ikasema, "Kunja kwanza, wamama. Kitambaa kikikunjwa, unakata mara moja na unapata mikono miwili, wa kulia na wa kushoto."

Jambo halikuwa limefichwa. Lilikuwa limesemwa wazi, mbele ya macho yake, mara nne.

Protais alikohoa. "Kwa Octave alikuwa anakutuma uzi," alisema.

"Safari hii nilijituma mwenyewe," alisema Mapendo.

"Usijipige sana," alisema Arakaza. "Kosa si lako peke yako. Video ya saa nzima ni ndefu. Akili huchoka kama mgongo. Tena kutazama kunadanganya. Ukiona jambo mara ya pili, unalitambua, na unafikiri umelijua. Kulitambua si kulijua. Umelijua pale unapoweza kulifanya na telefone imefungwa."

"Nifanye aje, basi?"

"Usiguse sateni. Tafuta karatasi. Tazama kipande kidogo, dakika tano tu. Funga telefone. Kata kwa kukumbuka. Halafu fungua, ulinganishe, ujisahihishe. Kesho usianze kwa kutazama. Anza kwa kukata. Acha siku mbili, ukate tena. Utasahau, na utakasirika. Usiogope. Ule wakati wa kutafuta kichwani ndio kujifunza kwenyewe."

"Na kama siwezi?"

"Utauliza mwalimu swali. Swali la kweli. Usimwambie Amina."

Kwa jirani mjenzi Mapendo aliomba mifuko mitupu ya simenti. Aliipangusa, akaitumia kama kitambaa. Siku ya kwanza alikunja vizuri lakini akasahau nafasi ya mshono, na mkono ukawa mwembamba kama wa mwanasesere. Siku ya pili aliikumbuka nafasi ya mshono, akageuza karatasi ya kipimo juu chini. Protais alivaa mkono ule wa simenti kichwani kama kofia ya askofu. Walicheka mpaka machozi. Siku ya tatu hakushika makasi. Siku ya nne alikata bila kutazama, na ilikuwa sawa. Hakuamini. Alikata tena.

Ilibaki ile foto. Mapendo alipiga magoti kando ya cherehani. "Bwana," alisema, "wewe uliyaona makosa yangu kabla ya mwalimu. Nipe nguvu ya kuyaonyesha." Halafu aliweka mikono miwili ya kushoto juu ya mkeka, akapiga foto, akamtumia Claire peke yake. Kwa sauti alisema, "Mwalimu, ule wa meza ya kijani haukuwa wangu. Nisamehe. Hii njo kazi yangu."

Alingoja. Alifikiri atatolewa katika grupu. Alitazama telefone, akaiacha, akaitazama tena.

Jibu lilifika kabla ya jua kuzama.

"Aksanti sana, Mama Mapendo. Leo nakuona. Lakini sitakuambia kitu bado. Niambie weye kwanza: kosa liko wapi, na lilianzia wapi?"

Mapendo alieleza. Alieleza mng'ao, alieleza kukunja, alieleza mbele na nyuma. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikifundisha.

"Njo vile kabisa," alisema Claire. "Na mimi niko na kosa langu. Nilifurahia zile Amina zenu. Nilifikiri thelathini na wawili wameelewa. Nilikuwa sijauliza hata swali moja linalohitaji jibu. Niliuliza, mumeelewa? Nani atasema hapana mbele ya watu? Bwana yako alipokuja kunichunguza, nilianza kufikiri. Nikasema, huyu ana mashaka na mimi, na mimi niko na mashaka na bibi yake, na katikati hakuna anayejifunza."

"Na sateni yangu, mwalimu? Imekwisha kuharibika."

"Haijaharibika. Tafuta kwa nini. Kesho unipe jibu."

Mapendo alikasirika. Alitaka kuambiwa! Alikwenda kupika bugali, na kila mzunguko wa mwiko ulileta swali lile lile. Nina mikono miwili ya kushoto. Nina kanzu tisa. Kila kanzu inataka wa kushoto mmoja na wa kulia mmoja.

Mwiko ulisimama katikati ya sufuria.

"Baba Furaha!" aliita. "Nikate na miwili ya kulia! Mmoja na mmoja, kanzu mbili! Hakuna kilichopotea!"

"Bugali inaungua," alisema Protais.

Tangu wiki ile masomo ya Claire yalibadilika. Video zikawa fupi, dakika tano au sita, na kila moja ilibeba jambo moja. Mega zilitosha. Baada ya kila video lilikuja swali, na kila mmoja alijibu kwa sauti yake, kwa maneno yake. Kila Ijumaa Claire alirudi nyuma, akauliza jambo la wiki iliyopita, ili lisipotee. Aliwapanga wawili wawili, wakaguane kazi kabla ya kuituma. "Amina tuiweke kwa sala," alisema. "Hapa niletee kosa lako." Kwa ruhusa ya Mapendo alionyesha ile mikono miwili ya kushoto, bila jina. Mapendo alingoja kicheko. Wanawake kumi na mmoja waliandika, "Hata mimi."

Lakini mjini mdomo wa Octave haukulala. Habari ya meza inayotembea ilifika kwenye kwaya. Wiki moja kabla ya Pentekoste, Anne-Marie alikuja tena, na wanakwaya wawili nyuma yake. Hakuketi.

"Mapendo, tumekuja kuchukua kitambaa chetu."

"Mama, kanzu nane zimekwisha kukatwa na kushonwa. Imebaki moja."

Anne-Marie alizichukua zile nane. Alizigeuza ndani na nje. Alivuta mishono. Alinusa hata chaki.

"Nani alikata hizi?"

"Minye."

"Si Octave? Tumesikia mambo ya foto."

"Foto ilikuwa uongo wangu, na niliutubu. Kanzu ni zangu."

Wale wawili walitazamana. Mmoja alisema chini chini, "Kila muntu anaweza kusema vile."

Anne-Marie alinyoosha kiganja. "Lete telefone."

Mapendo alimpa. Anne-Marie aliiingiza ndani ya kitenge chake, akakaza fundo. Sasa alikaa.

"Kanzu ya tisa ni ya mwili wangu, na mwili wangu hauko mudogo. Kata hapa. Sisi tutatazama. Ukishindwa, tunabeba vyote."

Protais alitoka mlangoni, akasimama kando ya cherehani. Mapendo alifumba macho kwa muda wa pumzi moja, akasali bila sauti. Halafu alipima mabega ya Anne-Marie, akapima mkono, akapima tena. Alirekebisha karatasi ya kipimo ifuate mwili mpana.

Alitandika sateni. Alikunja, mng'ao ndani, akaipigapiga. Alichora kwa chaki. Alichukua makasi, akayafungua, na hapo alisimama.

"Amesahau," alinong'ona mwanakwaya mmoja.

Mapendo aliweka makasi chini. Alitafuta kichwani, kama alivyotafuta siku zile za mifuko ya simenti. Kipimo, kukunja, chaki, halafu nini? Halafu akaona. Nafasi ya mshono. Alichukua chaki, akachora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza, akazunguka mpaka mwisho. Ndipo alipokata.

Alifungua ule mkunjo. Mikono miwili ya nguo ilitoka, yote ikimeta, mmoja ukielekea huku, mwingine kule. Alikata na mwili wa kanzu. Aliunganisha yote kwa mshono mkubwa wa mkono, mshono wa kujaribia.

"Vaa, mama."

Anne-Marie aliivaa juu ya nguo zake. Aliinua mikono juu, taratibu, kama anavyofanya kwaya inapofika mahali pa kusifu. Alingoja kitambaa kivute kwapani. Hakikuvuta. Alipanua kifua. Hakikuvuta. Alizunguka mzima, mikono bado iko juu, na mabati ya Mapendo yalionekana madogo juu yake.

"Octave hajawahi kuniachia nafasi ya kupumua," alisema.

Wale wawili walianza kupiga vigelegele. Anne-Marie aliwanyamazisha kwa jicho. Alijitazama shingoni, akapapasa.

"Na kola? Octave hutuwekea kola iliyosimama. Utatuwekea na weye?"

Wote walimtazama Mapendo. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Hapana, mama," alisema. "Kola sijajifunza. Tutaianza mwezi ujao. Pentekoste mutavaa shingo ya mviringo. Hiyo naijua."

Anne-Marie alifungua fundo la kitenge, akamrudishia telefone.

"Ya mviringo ni muzuri," alisema. "Lakini Noeli tunataka kola."